Miaka Yangu Juu ya Paa la Mama Anjela

Wadogo zangu mlioanza kazi juzi, mmeniuliza mtu wa umri wangu anastaafu vipi. Wastaafu huwa na mvi, hukatiwa keki na kupewa saa ya ukutani. Mimi sina mvi, na saa ya ukutani ya hapa ilikufa kabla sijaajiriwa. Lakini kazi nimeiacha, sitairudia, na sababu ya kuiacha haitaondoka, kwa hiyo huko ni kustaafu. Dada Priska ndiye aliyesema niandike niliyoyaona juu ya paa ili msirudie makosa yangu. Alisema niandike, nisisimulie, kwa sababu kwa jinsi anavyonijua kusimulia kungechukua muda mrefu zaidi.

Mimi ni wa Masanze, upande wa Kilosa. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge. Mkonge ulipolala yeye alibaki, akaomba shamba, akalima. Sisi wajukuu tunalima mahindi na ufuta palepale, na mtu akituuliza kabila tunajibu Wanyamwezi, ingawa Tabora wengi wetu hatujafika. Nilisoma mpaka darasa la saba. Aibu yangu ilijulikana kijiji kizima. Nikitumwa chumvi dukani nikakuta watu wamekaa barazani, nilikuwa narudi nyumbani na kusema chumvi imekwisha.

Kwa hiyo baba mdogo aliposikia nimepata kazi ya kuhudumia watu Mikumi, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wewe, Kasimu? Utawahudumia kwa ishara? Nenda, baba. Mwezi mmoja tu. Jembe lako nakutunzia."

Gesti ya Mama Anjela mnaijua, ile ya ghorofa iliyo kando ya barabara ya Iringa. Wakati ule chini kulikuwa na mgahawa wa madereva wa malori. Siku ya kwanza nilikabidhiwa trei, opena, kitambaa, jagi na beseni la kunawishia, na hiyo kazi ya kunawisha ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mtu anayemimina maji haulizwi kitu. Shikeni hili: maji yatoke membamba, kitambaa kikae bega la kushoto, na muanze na mkubwa kwa umri. Kama hamjui mkubwa ni nani, anzeni na aliye mnene. Sijawahi kusikia mtu akilalamika.

Aliyenifundisha ni Dada Priska, mhudumu wa zamani kuliko wote. Yeye ni Mluguru, na Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Asubuhi ile ya kwanza alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Nani kamleta mpagazi huyu? Hebu tazama mabega. Haya yametengenezwa kubeba meno ya tembo, trei ataiona unyoya."

Kabla sijafikiri, nilisikia mdomo wangu ukijibu, "Na wewe Mluguru unatembeaje huku tambarare? Si mguu mmoja uliumbwa mfupi kwa ajili ya mlima?"

Jikoni wakacheka. Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza nzima Mikumi, na kwa muda mrefu ilibaki kuwa moja ya chache. Kwa mtani ulimi wangu ulikuwa unateleza wenyewe, maana mtani hakasirikiwi. Mbele ya watu wengine ulikuwa unalala.

Mtu wa tatu wa kumjua ni mpishi, Mzee Hatibu, Mpare wa Same. Yeye alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, na kati yake na sisi kulikuwa na moshi, feni na mafuta yanayochemka. Sheria yake ilikuwa moja: sauti isipofika, chakula hakipikwi. Mhudumu anasimama dirishani anapaza sauti, "Chipsi mayai mbili! Wali kuku moja! Haraka!" na ndani kunatoka, "Nimesikia!" Hilo nililiweza. Uso wake ulikuwa hauonekani kwa moshi, na kupigia dirisha kelele si sawa na kuzungumza na mtu.

Ningeendelea hivyo, nikiwanawisha wageni na kulipigia dirisha kelele, kama Mama Anjela asingeona kwenye simu picha za baa za juu ya paa huko Dar es Salaam. Alituita wote.

"Watalii wanapita hapa wanakwenda mbugani, soda wanakunywa ndani ya magari. Wakipata pa kupanda, watapanda. Paa tunalo. Chini nafunga, nampangisha muuza vipuri. Anayebaki hapa ni wa juu, na wa juu anaongea na mgeni kwa mdomo wake." Akanigeukia. "Kasimu, nakupenda, una adabu. Lakini wewe hata paka unamfukuza kwa mkono. Tukifungua juu hujaanza kuongea, nitakupa nauli ya Masanze."

Nilitaka kumjibu. Nikatikisa kichwa.

Mama Anjela si mtu wa kujenga kitu ambacho hajakiona. Alisema twende Dar, tukae huko juu kama wageni, tule, tutazame, turudi. Mzee Hatibu alikataa safari. "Nikamtazame mwenzangu anakaanga? Nikitaka kumwona mtu anakaanga, kioo ninacho." Tukaenda watatu. Gari mpaka Kilosa, kisha treni ya umeme. Mama Anjela alivaa suti anayovaa kwenye harusi za watu, Priska gauni la Krismasi, nami shati jeupe na suruali nyeusi za kazini, kwa sababu sikuwa na nguo nzuri kuliko hizo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kwenye jengo lenye baa hiyo, mlinzi wa lifti alitukagua kuanzia viatuni kwenda juu. Alipofika kwenye macho ya Mama Anjela alibonyeza kitufe upesi. Tukatoka juu, na juu kulikuwa na giza. Vitaa vidogo, kimoja kila meza, mwanga wa kumtosha panzi.

"Umeme umekatika?" Priska akamuuliza mhudumu.

"Hapana dada. Ni mandhari."

"Haya. Mandhari itatulisha miiba."

Mhudumu yule alikuwa kijana mtanashati. Aliweka mikono nyuma, akainama kidogo, akasema kwa sauti laini, "Karibuni sana. Naitwa Juma, nitakuwa nanyi jioni hii."

"Asante mwanangu," Mama Anjela akamjibu, "lakini usijisumbue kukaa na sisi. Wewe fanya kazi zako tu."

Juma alipoondoka, Mama Anjela akaanza kuyarudia maneno yale midomoni, mkono mmoja ukiwa nyuma, mpaka akayashika. Kisha vinywaji vikaja vikiwa na majani ndani. Akayatoa moja moja, akayapanga kwenye tishu, akasema kwa huruma kwamba wamesahau kuchuja. Samaki alikuja kwenye sahani kubwa kama ungo, amekaa katikati peke yake kama abiria aliyeachwa na basi. Mama Anjela alimtazama yule samaki, akawatazama watu wa meza nyingine waliokuwa wakicheka na kupigana picha, akatazama taa za jiji chini yetu na matangi ya maji juu ya mapaa ya jirani.

"Priska," akasema polepole, "hawa watu hawajaja kula. Wamekuja kupigwa na upepo."

"Naona, mama."

"Na sisi Mikumi upepo tunao."

Hapo alikuwa amekwisha kujifunza alichofuata, na tungeondoka salama. Lakini mtu wa kazi yetu hawezi kukaa mbele ya sahani tupu. Mikono inawasha. Priska alianza na zetu, akazipanga, vijiko juu, mifupa pembeni. Meza ya jirani wageni wakainuka wakaacha vyombo. Priska akanitazama. Nikamtazama. Ilikuwa kama kuona mtoto wa mtu amelala njiani, huwezi kumpita tu. Nikainuka, nikabeba sahani mkononi kwa mtindo wetu wa tatu tatu, nikafuta meza kwa leso yangu.

Sasa mkumbuke nguo nilizovaa. Wahudumu wa pale nao walivaa shati jeupe na suruali nyeusi. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa akaninyooshea kidole.

"Kijana! Maji ya moto na limao. Na uwaambie wapunguze huo muziki."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi ni mgeni. Neno likagoma. Nikaona kumletea maji ni rahisi kuliko kumweleza.

Kaunta nilimkuta bwana mwenye ndevu zilizochongwa, anafuta glasi.

"Wewe ni wa zamu ipi?"

Nikazishika sahani vizuri zaidi.

"Nani kakuajiri?"

"Mama Anjela."

"Mama Anjela ndiye nani?" Nikamwonyesha kwa kidevu. "Yule si mgeni?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mgeni."

"Mbona umebeba sahani?"

"Zilikuwa tupu."

Bwana yule akaendelea kuifuta glasi. "Kwenu wapi?"

"Kilosa."

"Kabila?"

"Mnyamwezi."

Akaiweka glasi chini taratibu. "Mnyamwezi! Wewe, mimi Mzaramo wa Kisarawe! Mpagazi, nani kakupandisha kwenye lifti? Mizigo huku inapita ngazi za nyuma!"

Wazaramo nao ni watani zetu. Nikahisi koo linafunguka kama bomba.

"Na Mzaramo leo umekuja kazini? Kwani ngoma zote za mtaani zimepasuka?"

"Zimepasuka! Babu yako alizikalia, alidhani vigoda!"

"Alikuwa amechoka. Alikuwa amembeba babu yako."

Akapiga kaunta kwa kiganja, akacheka mpaka wenzake wakaja kutazama. Kisha akanipa maji ya moto na limao kwenye trei. "Mpelekee yule mama mwenyewe, mtani, mimi namwogopa." Nikampelekea. Njiani meza nyingine ikaniagiza barafu. Nikarudi kaunta, tukatukanana tena, nikapewa barafu. Nilikwenda na kurudi, na kila nikirudi nilicheka kwa sauti ambayo Masanze hawajawahi kuisikia.

Mama Anjela alikuwa anaona haya yote kwa mbali, bila kusikia.

"Priska, unaona? Mtoto anaongea! Anaongea na watu wa Dar! Kumbe ni hewa ya Mikumi ndiyo inayomkaba."

Priska alijua ukweli, lakini alikuwa na glasi mdomoni, akaacha ibaki hapo.

Kesho yake tulipanda paa la pili, ambako viti ni bembea. Mama Anjela aliketi, bembea ikarudi nyuma, na kwa muda mrefu chakula kilikuwa kinamkaribia na kumkimbia. Kuinuka alisaidiwa. Kwenye treni ya kurudi alisema bembea hatutaweka, na kwamba wa kukaribisha wageni siku ya kufungua atakuwa Kasimu. Alilisema kwa furaha sana. Mimi nilitazama nje mpaka Kilosa.

Paa letu mlilikuta limekamilika, hamjui lilivyoanza. Jiko la Mzee Hatibu na dirisha lake tulilihamishia juu, tukaweka giza kama la Dar. Madereva wakauliza kuna nini kwenye nyama tunachokificha. Tukaweka sahani kubwa na chakula kidogo. Dereva mmoja wa lori la Tunduma alikimaliza kwa kijiko kimoja, akamwita Priska kwa upole. "Nimeonja, dada. Kimekubali. Sasa kileteni." Tukarudisha taa, tukarudisha ugali wa kueleweka. Kilichobaki cha Dar kilikuwa upepo na yale maneno ya Juma.

Nayo maneno ndiyo yalikuwa shida yangu. Nilikuwa nayafanyia mazoezi mbele ya tangi la maji na yanatoka vizuri, lakini mbele ya mtu yanaishia kwenye "Karibu". Priska akanipa dawa. "Kila mgeni mfanye mtani wako, ila moyoni tu. Moyoni mtukane, mdomoni mkaribishe." Ikasaidia kidogo. Nilifika mpaka "Karibuni sana".

Siku yenyewe ikaja. Mama Anjela alikuwa amemwalika bwana mmoja wa Dar mwenye magari ya kupeleka watalii mbugani, jina hakututajia. Magari yake yakisimama kwetu, paa litaishi. Yakipita, basi Mama Anjela ameweka meza juu ili zinyeshewe. Alinirekebisha kola mwenyewe. "Leo ndiyo leo, mwanangu. Mdomo."

Alasiri Priska alinijia mbio kutoka ngazini, macho yanang'aa. "Una bahati ya ajabu! Aliyepiga simu kuagiza meza anaitwa Mkude. Mkude ni Mluguru! Ni mtani wako. Leo hata mdomoni sema!"

Kwenye meza ya kona walikaa watu wawili. Mmoja mnene, miwani, kalamu mbili mfukoni. Mwingine mwembamba, kofia kichwani, anakula mishkaki haraka haraka kama mtu anayesubiriwa. Sikuwa na shaka mwenye magari ni yupi. Nikasimama mbele yao, mikono nyuma.

"Karibuni sana. Naitwa Kasimu, nitakuwa nanyi jioni hii."

Yalitoka yote! Nilimwona Mama Anjela pale kaunta akifumba macho kwa shukrani. Nikapata nguvu, nikamgeukia yule mnene.

"Mluguru, pole na ngazi. Nyie mmezoea kupanda kwa mikono na miguu, hizi za kusimama lazima zikuchoshe."

Akanyamaza. Nikajua anatafuta jibu, na mtani akikosa jibu anatozwa. Nikanyoosha mkono kwenye sahani yake, nikachukua mshikaki mmoja, nikauma.

"Ushuru wa Wanyamwezi huu."

Yule bwana akavua miwani. "Kijana," akasema, "tunafahamiana?"

"Wewe si... Mkude?"

"Mimi naitwa Massawe. Ni Mchaga. Mnyamwezi na Mchaga wameanza lini utani?"

"Hawajaanza," nikasema.

Pale kaunta Mama Anjela alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Nyama nilikuwa nayo shavuni, siwezi kuimeza wala kuitoa. Kichwani nilimwona baba mdogo, nikaliona na jembe. Kisha yule mwembamba akaanza kutetemeka, kofia ikaanguka, akapiga meza.

"Bosi! Alikuwa ananitafuta mimi! Mkude ni mimi, dereva! Mtani wangu huyu!"

"Basi angekutafuta kwenye sahani yako," akasema Bwana Massawe.

Priska akafika anahema. Kwa kuwa ni mtani wangu alikuwa na haki, akaninyang'anya mshikaki mkononi mbele ya wote. "Samahani sana mzee. Mpagazi wetu huyu, kamba tumemfungua leo."

Bwana Massawe hakucheka. Alivaa miwani, akamtazama Mkude, akamtazama Priska, akanitazama mimi.

"Yaani dereva wangu ana mtani hapa. Huyu dada ana mtani hapa. Mimi nimepanda ngazi zote hizi, nimetukanwa utani wa watu wengine, nimeliwa nyama, halafu wa kwangu hayupo?"

"Yupo, mzee," akasema Priska. "Jikoni. Mpishi wetu ni Mpare."

"Mpare?" Bwana Massawe akauinua mshikaki mmoja kwenye mwanga. "Sasa nimeelewa. Kijiti kirefu, nyama tatu. Mwiteni!"

Mzee Hatibu alikuwa hajawahi kutoka jikoni kwa ajili ya mgeni. Alitoka na mwiko.

"Nani ananiita?"

"Mchaga, mzee," nikasema.

"Kama amekuja kununua gesti, mwambieni haiuzwi."

"Sijaja kununua," akasema Bwana Massawe. "Nimekuletea wakili. Nasikia Mpare akiibiwa kuku, anauza ng'ombe afungue kesi."

"Na nikishinda, kuku si wangu? Wewe hata kuku akitaga unamwandikia risiti."

Hapo ndipo Bwana Massawe alipocheka. Alicheka tumbo likasukuma meza. Akamvutia Mzee Hatibu kiti, Mzee Hatibu akakataa kukaa akisema Mchaga akikuvutia kiti anakupangisha, kisha akakaa. Walitukanana mpaka jua likaingia nyuma ya milima, na chakula tulipika mimi na Priska. Wageni wa meza nyingine waligeuza viti wakawaelekea wao, upepo hakuna aliyeukumbuka. Wakati wa kuondoka Bwana Massawe alimwambia Mama Anjela kwamba magari yake yatasimama hapa, kwenda na kurudi.

"Lakini yule kijana asiguse sahani yangu."

Mama Anjela akawasindikiza, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Kasimu."

"Naam, mama."

"Nilikwambia uongee. Nilikwambia ule?"

"Hapana, mama."

"Utabaki juu."

Akaingia stoo, akafunga mlango, na tukamsikia humo ndani akicheka peke yake. Baba mdogo alipopiga simu kuuliza jembe alilete lini, nilimwambia alitumie.

Tangu hapo kazi ilikuwa nyepesi, nanyi mmeikuta hivyo. Wageni wanapanda kuwatafuta watani wao, na Mama Anjela akiajiri anauliza kabila kwanza, sehemu ulizofanya kazi baadaye. Mtu akikosa mtani apewe Priska, anamudu wote. Mzungu mmoja aliuliza mtani wake ni nani, Priska akamjibu ni sisi sote na akamchukulia chipsi. Ila jueni mipaka. Kwanza hakikisheni jina, tena la mtu mwenyewe, si la aliyepiga simu. Mgeni mwenye simu sikioni msimtanie. Mkubwa apewe shikamoo yake kwanza, matusi yafuate. Nilifikia hatua ya kuongea na meza nzima bila jasho, na nilidhani sasa nimemaliza kujifunza.

Mzee Hatibu ana binti, Rehema, anayeuza nyanya sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa nyanya. Mpare si mtani wangu, kwa hiyo pale gengeni ulimi ulirudi kulala kama zamani. Nilikuwa nachagua nyanya polepole sana. Siku moja akaniambia, "Kaka Kasimu, utachagua mpaka lini? Zote zimeiva. Kama una neno kwa baba, mpeleke mshenga. Akichelewa, mimi mwenyewe nitamtafuta." Mshenga alikuwa Priska. Tukaoana Kilosa, Bwana Massawe akatuma gari, na Mkude akaliegesha mlangoni akikataa kushuka mpaka Wanyamwezi wamkabidhi jogoo.

Jumatatu nikarudi kazini, nikapokea oda yangu ya kwanza, nikaenda dirishani, nikavuta pumzi. Na nyuma ya moshi ule, kwa mara ya kwanza, nikaona uso. Alikuwa baba mkwe wangu.

Mtu anampigiaje baba mkwe kelele, "Haraka"?

"Shikamoo, baba," nikasema chini chini. "Samahani kwa usumbufu. Kama una nafasi, kuna mgeni anaomba chipsi mayai."

Feni ikayala maneno yote. Naye kwa upande wake hakuweza kunifokea niseme kwa nguvu, maana mkwe hafokewi. Akasogea dirishani, akainamisha macho, akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia njema. Tukasimama hivyo. Mafuta yakaungua.

Mama Anjela alijaribu kila njia. Aliniambia niandike oda kwenye karatasi. Niliandika, polepole, kwa heshima: "Baba, shikamoo. Natumaini hujambo. Wali kuku moja. Ni mimi mkweo, Kasimu." Kufikia hapo mgeni alikuwa ameshalipa soda na kuondoka. Mgeni akilalamika chumvi imezidi, sikuweza kumrudishia baba mkwe sahani usoni. Nilikuwa namwambia mgeni kwamba huku Mikumi ndivyo ilivyo, kwa sababu ya joto. Siku ugali ulipotoka mbichi niliula mwenyewe nyuma ya tangi, na mgeni alikaa mpaka akasinzia. Paa likaanza kuzungumzwa vibaya barabarani. Mkude alituambia wenzake wanapita bila kusimama.

Nikaenda kwa Mama Anjela bila kuitwa. "Mama, kati yangu na baba mkwe mmoja aondoke. Na yeye hawezi kuwa ndiye."

Alinitazama. "Yaani nimekuhangaikia uongee, mpaka Dar nimekupeleka, ili uje uniambie hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Na umelisema vizuri," akasema, akafuta macho kwa kile kitambaa chake.

Siku yangu ya mwisho mlikuwepo, lakini wengine mlikuwa chini, basi nawaandikia. Wahudumu wote walisimama, na wageni wakanyamaza, kwa sababu Priska alitangaza kwamba mstaafu anakwenda kupaza oda ya mwisho. Nilitembea mpaka dirishani. Nikaweka mikono nyuma. Nikavuta pumzi hadi tumboni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," ikatoka ndani. "Ngapi?"

"Mbili."

"Zinakuja."

Zikaja, za moto, chipsi mayai mbili, mayai yamekaangwa vizuri kuliko siku zote. Wageni wale walikuwa mume na mke kutoka Msowero, nao walikuwa wameagiza samaki. Walizitazama sahani, wakamtazama mzee aliyekuwa amesimama dirishani akiwachungulia, wakala zote bila kusema neno.